Maji ya Tambi

Ilipofika saa tano na nusu maharage yalikuwa yameiva, na Mama Upawa akayapunguzia moto yasije yakashika chini. Zamani alikuwa akijaza sufuria kubwa kuliko zote langoni mwa kiwanda cha nguo. Siku hizi alipika sufuria ndogo tu, na majiko mawili makubwa aliyaachia maji.

Mambo hayakugeuka kwa siku moja. Kiwanda kilipunguza siku za kazi kutoka sita hadi tatu. Mafundi wakaacha nyama, kisha wakaacha wali, mwishowe wakaanza kuja na tambi za pakiti, zile za dakika tatu, wakiomba maji ya moto tu. Humo ndani birika zilipigwa marufuku, eti zinakula umeme. Mwanzoni Mama Upawa alinuna. Baadaye akaweka bei ndogo kwa kila kikombe, maana biashara haigombi.

"Mama, maji yamezidi unga," mafundi walimtania, naye akawa anacheka nao ingawa hakuona cha kuchekesha.

Kabla ya kengele ya mchana, msimamizi alitoka langoni, mikono mfukoni.

"Shangazi, kuanzia kesho uuze maji tu. Chakula basi."

"Chakula kimemkosea nani?"

"Bosi kafungua duka la pakiti humo ndani, kamweka shemeji yake. Hataki ushindani."

"Ushindani gani? Wa chakula nina mteja mmoja tu."

"Basi hata huyo."

"Na nikikataa?"

"Utatafuta lango jingine. Mimi nimetumwa tu."

Mteja mwenyewe alikuwa Mzee Kola, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alishona kola za mashati na hakushona kingine. Kwa miaka kumi na mmoja alikula wali na maharage ya Mama Upawa, mchuzi pembeni, usiguse wali. Mama Upawa alikuwa amejiapiza kwamba maadamu mzee yule anakula, yeye atapika. Alikoroga sufuria huku akipanga jibu lake: kesho atampakulia mbele ya macho yao, wamfukuze wakitaka. Aliwahi kugombana kwa mambo madogo kuliko hilo.

Kengele ililia. Foleni ikajipanga, kila mtu na bakuli lake la plastiki. Mzee Kola alikuja wa mwisho, kofia mkononi. Ndani ya kofia kulikuwa na pakiti.

"Leo tumbo halitaki maharage," alisema bila kumtazama.

"Tumbo au mfuko, mzee wangu?"

"Siku hizi tumbo linapokea amri kutoka mfukoni."

"Kaa nikupakulie. Sijakuomba kitu."

"Leo utanipa mimi. Kesho akija mwenzangu, utamnyima kwa uso gani? Nimiminie maji, binti yangu."

Ilimuuma. Alichana pakiti, akatia tambi kwenye bakuli, akamimina maji, akalifunika kwa sahani ile ile aliyozoea kumpakulia mzee. Wali wake ulikuwa bado unafuka mvuke kwenye sufuria ndogo.

Akachukua sahani nyingine. Alipakua wali, akaweka maharage pembeni, akaenda kuketi na Mzee Kola kwenye benchi la wateja. Alikuwa akilifuta kila asubuhi tangu alipofika pale na hakuwahi kulikalia hata siku moja. Mzee alisogea kumpisha. Wakala, mmoja akipuliza tambi, mwingine akitafuna taratibu.

Msimamizi aliiona sahani kutoka langoni, akaja mbio mbio.

"Hiyo umemuuzia nani?"

"Nimejipakulia."

Aliitazama sufuria, akaitazama sahani, akakosa kosa la kumshika nalo.

"Lakini la kesho tumeelewana?"

Mama Upawa alimeza kwanza. Maharage yalikuwa yameiva vizuri, na chumvi haikuzidi.

"Kesho nitaleta maji," alisema. "Leo niache nile."