Usingizi wa Saa Nane Mchana

Fundi alipofika hakufungua begi lake la vyombo. Alipanda kwenye gari, akafunga mlango, akakaa juu ya kitanda, mikono magotini. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa pili, Boko, jua la kukausha mihogo. Mimi, msichana wa kazi, na Salumu mlinzi tulisimama kwenye kivuli cha ukuta tukimtazama kupitia dirishani. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, wala hakujifuta.

"Huyo anaiva," Salumu akasema. "Sista Tupo, kamgeuze upande wa pili asije akaungua."

Nilicheka ndani ya kanga. Gari lile Salumu alilipa jina la Tanuri tangu mwezi wa kwanza, na Mzee Najmuddin mwenyewe alikuwa ameshalizoea.

Lilikuwa kosta ya zamani. Mzee aliinunua alipofunga duka lake la vipuri, akang'oa viti vyote, akatia kitanda, friji ndogo, sinki, kabati na jiko la gesi la mafiga mawili. Kila kitu alikifanya kwa ajili ya mkewe, Bi Alifiya. Bi Alifiya alizaliwa Kondoa, baba yake alikuwa na duka la nguo huko, na tangu aolewe akaja Dar hajarudi kuiona nyumba yao. Sasa moyo wake ni dhaifu, na tangu alipovunjika nyonga hawezi kukaa kwenye basi kutwa nzima. Kila baada ya saa chache lazima ajinyooshe. Basi Mzee akaona amjengee kitanda kitakachompeleka Kondoa.

Siku ya kwanza kulijaribu, Bi Alifiya alipanda baada ya chakula cha mchana. Dakika kumi hazikuisha, tukasikia anagonga kioo. Nilimshusha mimi, midomo imemkauka, nikampepea kwa sinia mpaka macho yakarudi. Kesho yake asubuhi mezani akasema, mbele yangu nikiwa namimina chai:

"Jumamosi ya wiki ijayo nitapanda tena, mara moja tu. Saa nane mchana. Nikipata usingizi, tunakwenda Kondoa. Nisipopata hapa Boko, Dodoma njiani ndiyo nitapata? Liuze."

Mtoto wa duka ni mtoto wa duka. Palepale Bi Alifiya alimpigia simu mnunuzi, Bwana Erasmus wa Kimara, akamwambia aje Jumamosi hiyohiyo jioni. Erasmus alitaka kuligeuza gari kuwa kibanda cha chipsi cha kutembea. Salumu akasema huyo hatapata taabu, kikaango kimeshakuwa tayari.

Mzee hakucheka siku hiyo. Ndipo alipomtafuta fundi wa mafriji na viyoyozi, na fundi mwenyewe akawa Kokuberwa, mwanamke wa kutoka Kiwalani, mrefu, kichwa amefunga kitambaa cheusi, buti za mafuta mafuta.

Baada ya nusu saa alishuka. Mkononi alikuwa na kipimajoto kidogo.

"Arobaini na sita," akasema. "Hapa kivulini ni thelathini na tatu. Naomba maji ya kunywa, mdogo wangu."

Nilimletea jagi zima, akalimaliza. Kisha akamgeukia Mzee kwa adabu kabisa. "Mzee, niambie umefanya nini na nini kupambana na hili joto. Usiruke hata moja."

Mzee Najmuddin alieleza kwa fahari. Alilifunika paa kwa turubai, akalikaza kwa kamba lisipeperuke, upande wa bluu juu ili ule wa fedha usichafuke. Alifunga madirisha yote kuzuia mbu na vumbi. Alitundika mataulo mabichi ndani yapoze hewa. Aliliegesha nyuma kabisa, madirisha yakitazama ukuta, wezi wasipate pa kuchungulia. Na kila siku saa tisa alikuwa akipika chai ya tangawizi humo ndani, kwenye jiko lake jipya, alizoee gari kama nyumba.

"Sasa nataka kiyoyozi," akamaliza. "Kikubwa kuliko vyote."

Kokuberwa alipanda ngazi ya nyuma, akaingiza mkono chini ya turubai, akaliwekea paa mgongo wa kiganja, vile mama anavyomgusa mtoto mwenye homa.

"Kiyoyozi nitakuuzia, Mzee, mie ndiyo biashara yangu. Lakini betri zako zitakiendesha kwa dakika arobaini, halafu utakuwa na tanuri lenye kiyoyozi. Kwanza tulizuie jua lisiingie. Likishaingia, kulitoa ni gharama."

"Na turubai je? Si linazuia?"

"Limelala juu ya bati, Mzee. Jua linalichemsha turubai, turubai linalichemsha bati. Umemvalisha mgonjwa wa homa koti." Akashuka. "Na mataulo, hapa Dar hewa yenyewe imeshiba maji. Haikauki hata leso. Umetengeneza mvuke wa kupikia ndizi. Yatunze ya Dodoma, kule hewa ni kavu, yatakusaidia."

Mzee alikuna ndevu. "Na chai?"

"Chai ni nyuzi nne."

"Chai!"

"Nitakupimia ukitaka."

Akampimia kweli. Mzee alipika kikombe kimoja, milango imefungwa, na kipimajoto kikapanda nyuzi nne na nusu. Mzee alikishika kile kikombe kama aliyeambiwa sukari imepigwa marufuku. Bi Alifiya, aliyekuwa amekaa barazani na fimbo yake, akacheka mpaka akakohoa.

"Miaka arobaini na moja namwambia chai itamponza," akasema.

Kazi ilichukua siku tatu, na katika siku hizo nilikuwa nikiwahi kuosha vyombo ili nipate kukaa karibu nimtazame. Nimeona mafundi wengi wakija nyumba ile. Wanapiga nyundo kwanza, wanafikiri baadaye, halafu wanaomba soda. Kokuberwa aligusa kwanza. Ubao, bati, kioo, kila kimoja alikigusa kwa mgongo wa mkono asubuhi, mchana na jioni, akaandika kwa chaki palepale kwenye bodi. Alipotoboa tundu la feni juu ya dari, aliweka ndoo chini ili vumbi la chuma lisimwagike kwenye godoro la Bi Alifiya. Hakuna aliyemwambia. Alipokosea kipimo cha ubao mmoja, hakumlaumu mtu wala hakuuficha. Alisema, "Hapa nimekata kifupi, kosa langu," akakata mwingine.

Turubai aliligeuza, upande wa fedha ukatazama juu, akaliinua kwa mbao alizofunga kwenye keria ili pawe na nafasi ya kiganja kizima kati yake na paa, hewa ipite. Feni ya dari aliifunga ivute hewa ya moto kwenda nje, na dirisha la chini, upande wa kivuli, akaliwekea wavu wa mbu libaki wazi. Jiko la gesi akalihamishia kwenye kibao cha kukunja nje ya mlango. Kioo cha mbele ndicho kilimsumbua. Mzee alikuwa ametia pazia zito kwa ndani.

"Pazia la ndani ni kumfungia mgeni mlango akiwa ameshakaa sebuleni," akaniambia. "Linatakiwa shuka la nje. Unashona?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilishona kwa mkono, kitambaa cheupe nje, sponji nyembamba katikati, na pembeni kamba za kufungia kwenye vioo vya kutazamia nyuma. Alipolivuta kujaribu mishono, hakuna uliokatika. Alisema "safi" mara moja tu, akaendelea na kazi. Neno hilo nililala nalo.

Siku ya tatu mchana alipima tena. Thelathini na nane.

"Bado," akasema. "Hewa haiingii. Feni inavuta, lakini huku nyuma hakuna cha kuvuta, ukuta umeziba." Akatazama uwanja wote, nyumba, tangi la maji, mwembe wa jirani, kamba yangu ya nguo. Akaitazama kamba kwa muda mrefu. "Tupo, wewe ndiye unayeanika?"

"Abee. Ndiyo, ni mimi."

"Nguo zinakauka wapi haraka?"

Nilitazama chini. Mzee alikuwa pale, na Salumu, na Bi Alifiya barazani. Nikasema polepole kwamba asubuhi upepo ni wa barabarani, lakini ikifika saa nne unageuka, na kuanzia saa saba mpaka jua lipoe unapita kati ya nyumba na tangi, pale ndipo shuka hukauka kabla sijamaliza kuanika la mwisho. Miezi ya kaskazi huwa hivyo kila siku. Pale ndipo naanika mashuka mazito tu.

Kokuberwa aliweka bisibisi chini. "Miaka mingapi unajua hivyo?"

"Huu wa tatu."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa, dada."

Mzee mwenyewe ndiye aliyewasha gari, akalitoa kwenye ukuta wake wa wezi, akaliegesha mbele ya ule mwanya, dirisha lenye wavu likiutazama upepo. Kokuberwa akaniambia nifunge kanga moja kwenye kamba, mbele ya dirisha. "Ikipepea, gari linapumua. Ikilala, niite."

Jumamosi ilipofika, joto la nje lilikuwa thelathini na tatu, la ndani thelathini na tatu na nusu, kama barazani tu. Saa nane kasoro dakika tano Bi Alifiya alipanda na mto wake na tasbihi yake. Mzee alimshika kiwiko. Mlango ukafungwa, Mzee akaingia ndani ya nyumba kusali. Kokuberwa hakuwa amekula tangu asubuhi, nikamwekea wali jikoni. Mimi nikarudi kukaa karibu na kamba.

Kanga ilipepea vizuri. Dakika kumi, kumi na tano. Kisha honi ikalia.

Alikuwa Erasmus, amewahi kwa saa mbili. Salumu akafungua geti, na mtu yule akaingia na gari lake kubwa jeusi moja kwa moja hadi kati ya nyumba na tangi, pua ya gari ikalitazama dirisha lenye wavu. Hakuzima injini. Alifunga vioo, akabaki ndani na kiyoyozi chake, anaongea na simu.

Kanga ikalala.

Nilimkimbilia Salumu. "Kaka, mwambie asogee!"

"Mgeni wa bosi huyo. Mie nalinda geti, silindi upepo."

Nikachungulia dirishani kupitia wavu. Bi Alifiya alikuwa chali, macho wazi kabisa, jasho juu ya mdomo. Hewa iliyokuwa ikiingia ilinuka injini. Kumfuata Kokuberwa jikoni ilikuwa kuzunguka nyumba nzima. Niliona mkono wa Bi Alifiya unaelekea kwenye kioo, ule mkono uliogonga siku ile.

Nilikwenda mimi. Niligonga kioo cha Erasmus kwa kidole kimoja, hakusikia, nikagonga kwa ngumi.

Akashusha kioo. "Vipi, binti?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Maji baridi yapo?"

"Yapo. Lakini naomba usogeze gari. Umeziba upepo."

Akanitazama, akaisogeza simu mbali na sikio. "Nimeziba nini?"

"Upepo."

"He! Haloo, subiri kidogo. Hapa nimeambiwa nimeegesha kwenye barabara ya upepo." Akacheka kwa nguvu. "Na faini yake shilingi ngapi, trafiki?"

Uso wangu ulikuwa wa moto kuliko bati. Nilinyoosha mkono kwenye kamba. "Ile kanga ilikuwa inapepea kabla hujaja. Ndani ya lile gari yupo mama mgonjwa wa moyo, na anataka kulala. Rudi nyuma uone kama nasema uongo."

Sikujua nimetoa wapi sauti ile. Erasmus aliacha kucheka. Alitazama kanga, akatazama dirisha, akaweka gia, akarudi nyuma taratibu mpaka getini. Hapo akazima injini.

Ncha ya kanga ikainuka. Ikaanguka. Ikainuka tena, kisha yote ikajaa kama tumbo na kuanza kupiga kamba. Erasmus alishuka, akaja kusimama kando yangu, mtu mzima yule na saa yake ya dhahabu, akatazama nguo ikipepea kana kwamba hajawahi kuiona.

Nikachungulia tena. Mkono ulikuwa umerudi kifuani, juu ya tasbihi. Macho yalifumba, yakafumbua, yakafumba. Mzee alitoka ndani kwa haraka, Kokuberwa nyuma yake akiwa bado anatafuna, tukasimama wote wanne bila kusogea. Baada ya muda ikasikika sauti kama msumeno mdogo unaokata ubao laini.

"Huyo anayekoroma," Erasmus akanong'ona, "ndiye muuzaji?"

Mzee Najmuddin alikwenda kwenye jiko lake la nje, akawasha gesi, akageuzia uso wake kwenye birika.

Bi Alifiya alishuka saa kumi na robo, shavuni ana mistari ya mto. Erasmus alikuwa kwenye kikombe cha tatu cha chai.

"Shikamoo Mama. Sasa, hii biashara yetu ya chipsi..."

"Marahaba. Karibu chai," Bi Alifiya akasema, "maana ndiyo pekee utakayoipata hapa leo. Utanisamehe."

Kokuberwa alikuwa amepiga magoti anakusanya vyombo vyake, anafuta kila spana kabla ya kuirudisha begini. Bi Alifiya alimwekea mkono begani akapita, kisha akaja kwangu.

"Nilisikia mtu anagombana na Bwana Erasmus."

"Nisamehe, Mama."

"Nilidhani ni redio. Tupo, ile kanga uifungashe. Tunakwenda nayo, na wewe unakuja. Tatizo Kondoa upepo sijui siku hizi unatokea wapi. Miaka mingi."

Nikaitazama kanga, bado ilikuwa inapiga kamba.

"Tukifika nitaanika nguo kwanza, Mama," nikasema. "Ndipo Mzee aegeshe."