Koti la Maharusi la Mjomba Mustafa

Kijijini kwetu Msimbati tuna koti moja la maharusi. Ni la Mjomba Mustafa, na kila kijana anayeoa hulivaa juu ya kanzu, awe mwembamba kama ufito au mnene kama pipa. Koti halichagui. Mjomba halikodishi, ana moyo safi. Anachotaka ni kidogo tu: akae mkeka wa mbele karibu na shehe, apelekewe sinia lake peke yake, na watu wamsikilize akieleza jinsi marehemu baba yake alivyoletewa koti hilo kutoka Ureno.

Mchumba wangu, Athumani, ni mpwa wake. Ana kifua kidogo na mabega yaliyoteremka. Nilipomfikiria ndani ya koti lile, nilimwona kama mwiko uliovishwa foronya. Nikaamua kumshonea la kwake. Sikumwambia mtu isipokuwa Mama Odete, fundi cherehani wa mtaa wa Rahaleo, mjini, anayenifundisha kazi. Sisi wenye aibu hatutangazi.

Mama Odete alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Akasema madera na sare za shule nayaweza, lakini koti ni mnyama mwingine. Hata hivyo akanitajia mahitaji. Kitambaa cha kijivu nilikipata sokoni; muuzaji aliapa hakipauki, naye amevaa shati lililopauka. Bitana ya kufunika ndani ilitokana na kitenge ambacho Mama Odete aliletewa na dada yake kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Vifungo nilivikata kwenye koti la mtumba lililotafunwa na mende. Kilichokosekana ni kanvasi, kile kitambaa kigumu kinachokaa ndani ya kifua ili koti lisilegee. Duka la kwanza walinionyesha turubai. La pili wakaniuliza ni dawa ya nini.

"Bila hiyo utakuwa umemshonea mumeo shati nene," alisema Mama Odete. "Halafu wewe hujawahi kuona tumbo la koti. Tafuta moja zuri ulifumue."

Koti zuri tunalo moja tu. Nikaenda kwa Mjomba, nikapiga goti, nikasema kola imeanza kulegea, naomba nikaitengeneze kabla ya harusi. Ilikuwa kweli. Kwamba nitaanzia kwenye kola na kuishia chini ya mifuko, hakuuliza.

Alinikabidhi kama anayekabidhi mtoto mchanga. "Usilichezee, Tatu. Mzungu aliyelishona alisomea. Wewe uliishia darasa la tano."

Nikaitikia kwa adabu.

Alipokuja nyumbani kuulizia hali ya kola, nilikuwa nimetandaza koti vipande vipande kwenye mkeka barazani. Mama yangu alimwona anakuja, akakumbuka ghafla kwamba ana chungu jikoni. Mjomba alisimama akitazama mikono huku, mgongo kule. Akafungua mdomo aniite jina ambalo sikupewa na wazazi wangu. Kisha macho yake yakafika kwenye kifua.

Ndani ya kifua cha koti la Ureno mlikuwa na gunia la korosho. Gunia hasa, limekatwa na kushonelewa kwa ustadi, na muhuri mweusi wa ghala la hapahapa Mtwara bado unasomeka.

Ningekuwa na mdomo, ningemuuliza huko Ureno msimu wa korosho unafunguliwa mwezi gani. Niliinamisha kichwa tu, nikalilaza lile gunia vizuri, maandishi juu.

Mjomba aliuliza kwa sauti ya chini nani mwingine ameona.

"Mimi, Mjomba. Na mama, ila yeye yuko jikoni."

"Linaweza kurudi kama lilivyokuwa?"

"Linarudi. Lakini Athumani nilitaka avae jipya, nimeshakusanya kila kitu. Kimebaki hicho cha ndani."

Aliondoka bila kuaga. Asubuhi akaleta mwenyewe gunia lililofuliwa, limekunjwa kama kanzu ya Idi. Nikakata kifua cha koti la Athumani kwanza. Kola ya Mjomba nayo ikasubiri zamu yake.

Siku ya kufunga ndoa, koti lilimkaa Athumani kama lililozaliwa naye. Nasikia Mjomba alikaa mkeka wa mbele, sinia mapajani, akiwaeleza watu kwamba koti la mpwa wake ameliagiza mwenyewe kutoka Ureno. Sikumsahihisha. Mtu mwenye aibu kama mimi atamsahihisha mkubwa vipi?