Shina Lenye Makovu Machache

Pale kituo cha utafiti walimwita Mama Nzi, na jina lenyewe halikumuudhi. Kwa miaka mitano alikuwa akifuga nzi weupe, wale wadudu wadogo sana wanaojificha chini ya jani la muhogo, wakanyonya utomvu hapa na kupeleka virusi kule. Mtu mwingine angewapulizia dawa wafe. Yeye aliwafyonza kwa mrija wa kioo, ishirini ishirini, akawaachia juu ya mche, kisha akasubiri aone kama mche utaugua. Masomo ya uzamivu yana vituko vyake: mtu mzima na akili zake timamu anaomba wadudu wapate hamu ya kula.

Alichotafuta ni muhogo unaoweza kujilinda wenyewe. Aliupata kwenye shamba lililotelekezwa, umesimama mzima katikati ya mihogo iliyokunjamana majani kwa ugonjwa wa batobato, akaubatiza Mkaidi. Alipanda miche arobaini ya Mkaidi kwenye ndoo ndani ya banda la wavu, akaupa kila mmoja nzi ishirini waliotoka kwenye mihogo migonjwa. Miezi mitano baadaye miche yote arobaini ilikuwa safi. Alipima majani kwa mkono wake mwenyewe na hakuona virusi hata chembe. Profesa wake, mtu asiyecheka hovyo, alicheka mpaka akavua miwani. Vipando vya Mkaidi vikaanza kuzidishwa, na mvua zikinyesha vingegawiwa kwa wakulima wa vijiji sita. Siku ya kutetea tasnifu ikapangwa kuwa Alhamisi.

Aliyetunza banda lile alikuwa dada yake. Si dada wa kuitana kwa heshima. Dada wa tumbo moja, aliyemzidi miaka kumi na mmoja, aliyemlea tangu mama yao alipoanza kuugua, na ndiye aliyeliona tangazo la nafasi ya masomo ubaoni pale kituoni akalibandua lote ili mdogo wake asiwahiwe na mwingine. Waliishi nyumba moja. Wiki moja tu baada ya kuwaachia wale nzi, Mama Nzi alitakiwa kwenda kwenye maabara ya mbali kwa miezi mitatu, kujifunza kupima virusi. Funguo za banda alimwachia dada bila kufikiria mara mbili. Angemwachia nani mwingine?

Siku kumi kabla ya ile Alhamisi, mtahini wa nje aliandika kuuliza swali dogo: je, Mkaidi hupukutisha majani kuliko mihogo mingine? Swali la mtu anayetaka tu aonekane amesoma. Lakini jibu lake ni rahisi kulipata, maana kila jani la muhogo likianguka huacha kovu kwenye shina, na kovu halifutiki. Mama Nzi alichukua daftari akaingia bandani kuhesabu.

Mche wa kwanza, makovu hamsini na mawili. Wa pili, hamsini. Wa saba, ishirini na tisa.

Alirudia kuhesabu akidhani macho yamechoka. Wa saba ulikuwa mrefu kama wenzake, umenawiri, ila mbolea hurefusha shina tu, umri haiongezi. Kufika saa sita mchana alikuwa amepata miche kumi na saba yenye makovu yasiyofika thelathini. Akakaa chini kwenye kokoto kati ya ndoo.

Dada alikuwa nje ya banda akiosha ndoo tupu.

"Dada, mche namba saba uko wapi?"

"Si huo humo ndani."

"Ule si namba saba. Ule ni mdogo wake."

Dada alifunga bomba. Hakuuliza amejuaje, wala hakujitia kushangaa.

"Uliugua," alisema. "Iliugua kumi na saba. Nikaichoma, nikaweka ile ya akiba iliyopandwa baadaye."

"Hukuniambia."

"Ungefanya nini huko ulikokuwa? Ungelia tu. Profesa alishasema mradi ukikosa matokeo unafungwa. Ukifungwa, wewe huna shahada, na mimi kibarua changu kimeota nyasi. Nilikuwa nakusaidia, mdogo wangu."

Kuna msaada wa kumwomba Mungu apishe mbali. Miche ile ya akiba haikuwahi kuguswa na nzi hata mmoja. Ingekosaje kuwa safi? Na kilichomchoma Mama Nzi zaidi ni hesabu yenyewe.

"Ishirini na tatu ilipona kwa haki yake," alisema. "Ishirini na tatu kati ya arobaini, dada. Hiyo peke yake ilikuwa shahada. Ningeandika hivyohivyo ilivyo."

"Mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza."

Dada alijifuta mikono kwenye koti la kazi. "Sawa, nimekosa. Lakini nyamaza mpaka Alhamisi ipite."

"Na wakulima watakaopewa vipando? Wameambiwa Mkaidi hauugui."

"Wakulima wamezoea."

Yeye ndiye aliyeyasema hayo, mtoto wa mkulima, aliyewahi kung'oa shamba zima la mama yake likiwa limeoza kwa batobato. Mama Nzi alimtazama akaona hamjui.

Hata hivyo damu nzito kuliko maji. Alimwandikia Profesa barua: miche kumi na saba imebadilishwa, matokeo si ya kweli, tafadhali vipando visigawiwe. Jina la dada hakulitaja. Aliandika kwamba kosa ni lake mwenyewe kwa kutosimamia, akijua fika kwamba sentensi hiyo ingeweza kumla.

Utetezi uliahirishwa, na Alhamisi hiyohiyo kikaitishwa kikao cha watu watatu: Profesa, mkuu wa idara, na mama mmoja mpole wa kamati ya maadili. Asubuhi ile dada alimpigia pasi blauzi, akamfunga kifungo cha shingoni kama enzi za shule ya msingi.

"Nenda kaseme kweli tupu," alimwambia. "Usiniogopee mimi."

Alitembea mpaka kituoni moyo umekuwa mwepesi. Alikuta dada ametangulia kwa pikipiki, amekaa upande wa pili wa meza, mkoba magotini.

Mkuu wa idara alisoma karatasi bila kuinua uso. "Mtunza banda ametuandikia maelezo jana. Anasema ulimpigia simu kutoka huko maabara, ukamwagiza aondoe miche iliyougua na aweke mingine. Anasema aliogopa kukukatalia kwa kuwa wewe ndiye msomi." Akageuza ukurasa. "Anasema umeleta barua baada ya kubaini kwamba mtahini wa nje ameanza kushtuka."

Jana. Kwa hiyo blauzi ilipigwa pasi na mkono uliokwisha kusaini. Hasira iliyomjia Mama Nzi ilikuwa kubwa kuliko yeye. Simu ni kweli alikuwa akipiga, kila Jumapili. Walikuwa wakizungumza habari za mama na dawa zake.

"Ulimwagiza?" Profesa aliuliza. Miwani alikuwa ameivaa.

"Sikumwagiza."

"Tatizo ni kwamba hatuna shahidi wa upande wowote," alisema mama wa maadili taratibu. "Kwa hiyo nakuuliza ili iandikwe. Unasema dada yako anasema uongo?"

Tangu utoto hajawahi kulisema neno hilo juu ya dada. Majirani walipogombana nao, walimu walipoita wazazi, yeye alikuwa wa kusimama na kusema dada kasema kweli, hata pale dada aliposema uongo mchana kweupe. Alimngoja dada ainue macho. Dada alikuwa akifungua na kufunga zipu ya mkoba.

"Ndiyo," alisema Mama Nzi. "Dada yangu anasema uongo."

Mkuu wa idara akaandika. Vipando vya Mkaidi vitachomwa vyote, alisema, banda litafungwa, na wote wawili wakae nje ya kituo mpaka uchunguzi uishe.

Getini dada alikuwa akimsubiri, maana ufunguo wa nyumba ulikuwa mmoja tu.

"Nina watoto watatu," alisema dada. "Wewe una akili, utapata pengine pa kuanzia. Mimi ningeanzia wapi?"

Mama Nzi alitoa ufunguo akamkabidhi.

"Mchana utakula nini?" dada aliuliza.

Alisubiri dada apande pikipiki, akaona imeelekea upande wa nyumbani, ndipo akaanza kutembea kuelekea upande mwingine, ambako hakuwa na mtu.