Stoo ya Mkongomani

Concy alikuwa na habari za vyumba vyote vinne vya ua wao pale Mbuya, na za ua wa jirani pia akipewa nafasi. Alijua nani kapika nini, nani kalala na njaa akasingizia kufunga, na nani kapigiwa simu akatoka nje kuipokea. Mumewe, Oola, ni mwanajeshi na yuko kazini mbali, kwa hiyo nyumba ingekuwa kimya kama yeye mwenyewe asingeijaza watu. Sigiri yake ya mkaa aliiweka barazani, mahali pasipofikiwa na mvua, na kila apitaye alisimama. Akisimama, alikalishwa. Akikaa, alisema yote.

Kilichomshinda ni kimoja tu: ile stoo ya Mkongomani.

Mushagalusa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mpiga picha. Hilo halikuwa siri. Lakini nyuma ya ukuta wa baraza la Concy palikuwa na stoo ndogo ambayo mlango wake ulifungukia ndani, chumbani kwake Mushagalusa. Dirisha la stoo aliliziba kwa matofali. Kila ufa aliouona aliubandika karatasi ya gundi, kisha akawa anajifungia humo kuanzia asubuhi hadi saa za kula. Akitoka, harufu ilimfuata mpaka uani: siki, na chini ya siki kitu kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

"Anapika pombe," alisema Moreen, msusi wa chumba cha pili, ambaye aliwasuka wateja wake hapo hapo kwenye sigiri.

"Pombe bila moto?" Concy alicheka. "Mimi nimezaliwa kambi ya jeshi, nyabo. Pombe naijua ikiwa bado maji. Hii si pombe."

"Basi anatia watu achari."

"Wewe ukiingia humo atahitaji pipa."

Utani huo uliishia Alhamisi, pale Hortense, mke wa Mushagalusa, alipotoka akiburuta godoro. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Alilitandika kwenye nyasi katikati ya ua, akaketi juu yake, akanyoosha miguu.

"Mukuwe mashahidi wote," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Ule mlango akiufungua, harufu ya saa ine yote inamwangika kwa kitanda yangu. Kichwa kinaniuma, koo inawasha. Nimemuambia baba Elisée: mwisho ni Jumapili, siku ya Mungu. Stoo ipate hewa, ama madawa yote naimwanga miye mwenyewe."

Mushagalusa alisimama mlangoni, mikono ina madoa ya kahawia. Concy alimhurumia, lakini lazima tuseme ukweli, udadisi ulikuwa mbele ya huruma.

"Shemeji," alimwita, "dawa gani hizo? Tuonyeshe basi, tukulilie tukijua."

Akamwonyesha. Concy aliingia stoo ile kama mtu anayeingia benki. Taa ilikuwa nyekundu, hafifu. Mezani, chini ya ukuta wa upande wa baraza, palikuwa na beseni tatu bapa. Mushagalusa alichovya karatasi nyeupe kwenye beseni ya kwanza, akaitikisa taratibu. Concy akaona kivuli, kisha shela, kisha bibi harusi mzima akimtazama kutoka majini.

"Hii inaita picha," Mushagalusa alisema akihamishia karatasi beseni ya pili. "Hii ya siki inaisimamisha. Ya tatu inaishikisha, isifutike. Matajiri wa Naguru njo wanataka hizi sasa. Picha ya simu wamechoka nayo. Dada Concy, stoo ikifungwa, miye narudia kusimama inje ya kanisa na kamera, nikishindana na wageni wa harusi wenye simu."

"Na ile feni?" Concy aliuliza.

Nyuma ya kichwa cha Mushagalusa, juu kwenye ukuta wa nyuma, feni ya kutolea hewa ilikuwa inazunguka kwa kelele.

"Niliiweka ya kwanza, ikashindwa. Hii ni ya pili, kubwa. Nayo naona inashindwa. Nitatafuta ya tatu."

Concy alivua kitambaa cha kichwa, akakishikilia mbele ya feni kwa ncha moja. Kilining'inia tu, kikatikisika kidogo kama mzee anayekataa chai. Akamtazama Mushagalusa, akaitazama feni, akatoka bila kuaga. Mlango ulisita alipousukuma, kana kwamba upo mtu anayeuvuta nyuma yake.

Jambo moja lilikuwa linamkera tangu wiki iliyopita, na sasa akaenda kulitazama vizuri. Moshi wa sigiri yake, badala ya kupanda juu kama moshi wenye adabu, ulikuwa unalala na kuelekea ukutani. Alipiga magoti. Chini kabisa palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, nao moshi ulikuwa unanyonywa pale, kidogo kidogo.

"Moreen, njoo uone. Ukuta unavuta sigara."

Mushagalusa naye aliitwa. Concy alimwelekeza kwenye sigiri, kwenye kile kidirisha cha chini cha kutolea majivu. Akakifunga. Mkaa ukaanza kufifia. Akakifungua, ukawaka tena.

"Wewe umefunga mdomo wa sigiri halafu unalaumu juu," alimwambia. "Feni itatoa nini kama hakuna kinachoingia? Hata ukileta kumi, zitazunguka tu."

"Lakini nikitoboa ukuta, mwanga utaingia. Karatasi inakufa yote, inageuka nyeusi."

Hapo Concy alikwama. Siku ile alipika maharage yakaungua, akiwaza kitu kimoja: kinachopitisha hewa kikazuia jua. Alimuuliza muuza mboga. Alimuuliza mchungaji kwa simu. Jibu alilipata akiosha vyombo, alipochungulia tundu la sinki na kuona giza tupu, ingawa bomba lile lilitokea nje juani, hatua mbili tu kutoka hapo. Chini ya sinki bomba lilikuwa limekunjwa. Maji yanakata kona. Jua haliwezi.

Ijumaa fundi Abdu alitoboa ukuta wa baraza, chini karibu na sakafu, akapachika bomba pana la plastiki lenye viwiko viwili, limepakwa ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Concy ndiye aliyesimamia, ingawa hakuna aliyemwomba. Ndiye pia aliyesema meza ihamishwe ukuta wa nyuma, na feni ishushwe iwe juu tu ya beseni.

"Sasa hivi harufu inapita puani kwako ndipo itoke," alisema. "Iache iondoke bila kukusalimia."

Jumamosi Mushagalusa alikaa gizani muda mrefu, ameweka sarafu juu ya karatasi mpya. Kama mwanga ungeingia, karatasi ingegeuka nyeusi pembeni na alama ya sarafu ingebaki nyeupe. Akaichovya. Ilitoka nyeupe tupu. Uani watu walipiga vigelegele, na hata Hortense alitabasamu kidogo kwenye godoro lake.

Kisha Hortense akainuka, akaingia ndani, akafungua mlango wa stoo, akavuta pumzi. Alirudi uso umekunjamana.

"Siki imepungua. Lakini miye nasikia mkaa. Mkaa na kitunguu."

Watu wote waligeuka kutazama sigiri. Ilikuwa imekaa mbele ya mdomo wa bomba, umbali wa mkono mmoja tu.

"Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua mtu," fundi Abdu alisema taratibu. "Ni afadhali siki."

Concy aliitazama sigiri yake. Miaka sita sigiri ilikaa pale. Pale ndipo walipokaa wakati wa mvua, pale alipoposwa dada wa mumewe, pale Moreen alipopata nusu ya wateja wake. Kule mbele karibu na geti hakuna paa, jua linachoma, na mvua ikinyesha kila mtu atakimbilia kwake.

"Dada Concy," Hortense alisema kwa sauti ya chini, "sikukuomba."

"Najua hukuniomba." Concy alishika sigiri kwa vitambaa viwili, mkaa ukiwa bado mwekundu, akaivusha ua mzima mpaka getini. Moreen alifuata na kigoda, akinung'unika kwamba jua litamharibia rangi.

Jumapili baada ya ibada, Mushagalusa alijifungia na kazi ya harusi mbili. Godoro lilirudishwa kitandani na Hortense akalala juu yake, macho wazi, amekunja mikono kama hakimu. Getini watu walikaa wakitega sikio. Ilipita saa nzima. Concy alishindwa kuvumilia, akanyata, akainua pazia la mlango wa Hortense.

Hortense alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, anakoroma.

Concy alirudi mbio kuwaambia. Moreen akacheka kwa sauti yake ile ya sokoni, na mara pazia likafunuliwa.

"Sasa munaniamusha juu ya nini?" Hortense aliuliza, amekasirika, shavu lina mistari ya mto.

"Tunataka kujua ya zile dawa," Concy alisema. "Unamwaga au humwagi?"

Hortense alinusa upande huu, akanusa upande ule. Akajikuna kichwa.

"Amekwisha kuanza kazi?"

Ndani, Mushagalusa alikuwa akigonga mlango wa stoo na kuuliza mke wake amesema nini, maana hakuweza kufungua mpaka karatasi ipite beseni ya tatu. Concy alienda barazani, akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye bomba, na kumpa habari yote, tangu mkoromo ulipoanza.