Kompyuta Iliyopandwa na Homa

Ijumaa ya mwisho ya masomo, saa nane mchana, kompyuta ya Hilaria Colque ilizimika katikati ya sentensi. Umeme haukuwa umekatika. Redio ya jirani ilikuwa ikipiga kelele zake kama kawaida. Kioo tu ndicho kilichokuwa cheusi, na ndani yake Hilaria akauona uso wake mwenyewe, umeduwaa.

Akaiwasha tena. Ikanguruma dakika mbili, ikazimika. Mara ya tatu haikufika hata dakika.

Ndani ya mashine ile mlikuwa na kurasa ishirini na mbili. Mwaka mzima alikuwa akiziandika kila arudipo kutoka kuuza uji wa mahindi sokoni Oruro, mji wa migodi wa Bolivia. Zilihusu wanawake waliopasua mawe kwenye vifusi vya mgodi wakitafuta mabaki ya bati, mama yake akiwa mmoja wao. Vikongwe watatu walimsimulia, na mmoja wao alikuwa ameshazikwa. Mwalimu Delfín wa shule ya jioni alisema wazi: kazi ifike mezani kabla ya saa kumi na mbili jioni hiyo, ama mwanafunzi arudie mwaka. Hilaria alikuwa na miaka hamsini na sita. Kwa umri huo, mwaka si kitu cha kuchezea.

Alimpigia fundi simu. Fundi akamwambia ailete, ataitazama Jumatatu.

Sabina, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa mlangoni akimenya viazi. Wanawake hao wawili waliishi ua mmoja na hawakupitisha siku bila kutaniana.

"Imekata roho hiyo, wifi," Sabina akasema. "Iwashie mshumaa."

"Nitakuwashia wewe kwanza."

"Kwani huna nakala? Ile flashi uliyonunua iko wapi?"

"Iko kwenye pakiti yake. Nilisema nitanakili nikimaliza."

"Ala! Na huyu ndiye msomi wetu!" Sabina akacheka, kisha akayaona macho ya wifi yake, kicheko kikamkauka.

Hilaria alikaa ukingoni mwa kitanda, akaishika rozari. Hakuomba muujiza. Alimwomba Mama Bikira amtulize mikono na kumfumbua macho, basi. Alipoinuka aliegemea sanduku la kompyuta, akauondoa mkono upesi. Lilikuwa la moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

"Wifi, hii haijafa. Ina homa."

"Basi ipe chai ya majani ya koka."

Hilaria alikuwa akikumbuka blenda yake ya sokoni: kitu kikiinasa, hupata moto, hujizima yenyewe. Akaiwasha kompyuta kwa mara nyingine, akatega sikio. Taa iliwaka, lakini ule upepo wa feni aliouzoea haukusikika.

Akaizima. Darasani walifundishwa: chomoa waya kwanza, gusa chuma, ndipo ufungue. Akachomoa, akagusa, akaleta bisibisi ya cherehani. Skrubu ya mwisho ilikuwa ngumu. Akaipata kwa Salamu Maria ya tatu. Kifuniko kikatoka.

Vumbi lilikuwapo, naam. Lakini juu ya vumbi, na ndani ya feni, na kuizunguka shingo yake, mlijaa vikaratasi vya mviringo, vyekundu, vya kijani, vya manjano, vimegandishwa na kitu cha kunata. Hilaria akanusa. Bia.

Akageuka polepole.

"Sabina."

Kisu cha viazi kikasimama.

"Jumanne ya Kanivali nani aliifanyia kompyuta yangu ch'alla?"

"Si tulibariki nyumba nzima kwa bia na vikaratasi? Milango, jiko, mkokoteni wako. Niiache hiyo peke yake, Mama Ardhi aione imetengwa?"

"Umeimwagia chupa nzima!"

"Nusu. Nusu niliinywa mimi." Sabina akainama. "Nilitaka ufaulu, wifi."

Hilaria alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. "Basi leta koleo lako la nyusi. Waliobariki ndio watakaosafisha."

Wakafanya kazi kichwa kwa kichwa. Sabina alinyofoa vikaratasi kimoja kimoja, Hilaria akasugua mapanga ya feni kwa brashi na spiriti kidogo. Akaisukuma feni kwa kidole, ikakwama. Akatia tone la mafuta ya cherehani, akasukuma tena. Ikazunguka, ikazunguka, ikakataa kusimama.

Waliacha spiriti ikauke kabisa. Saa tisa na nusu akachomeka waya. Sabina alifumba macho, Hilaria hakufumba. Feni ikavuma. Dakika mbili zikapita, tano, kumi. Sanduku likabaki vuguvugu tu kama shavu la mtoto aliyelala.

Kurasa zilikuwapo. Aya ya mwisho pekee ndiyo iliyopotea. Kabla ya jambo lolote alizinakili zote ishirini na mbili kwenye flashi, ndipo akaandika ile aya upya, fupi kuliko ya kwanza. Akakimbilia duka la kuchapisha na flashi mfukoni, Sabina nyuma yake bado ameshika koleo.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi Mwalimu Delfín aliipima kazi ile mkononi, akaandika tarehe, akatia sahihi.

"Mbona unahema hivyo, mama? Kuna tatizo?"

"Lilikuwapo, mwalimu," Hilaria akasema, akavuta kiti, akakaa. "Mungu ashukuriwe, lilikuwapo."