Bikoni Kumi na Moja

Mbele ya halmashauri nzima ya kijiji, Gervas Mughenyi alimwambia Raheli kwamba anaota. Hakupandisha sauti. Alikuwa amekaa benchi la mbele, kofia yake juu ya goti, akasema mpaka anaouhubiri mama huyu yeye hajauona kwa macho, na kama upo basi autoe watu wauone.

Mpaka wenyewe ulikuwa wa mbuga, lile bonde la udongo mweusi kusini mwa kijiji ambako ng'ombe wa kaya zote hukimbilia kiangazi, majani yakiisha kwingine. Kijiji chao kiko ng'ambo ya Ikungi, ukishaiacha lami. Mwezi Desemba Gervas alileta trekta, akalima nusu ya mbuga na kupanda alizeti. Alipoulizwa alijibu kwamba shamba lake limefika huko tangu enzi za baba yake. Muhtasari wa mkutano mkuu wa mwaka 2004 ulisema vingine: malisho ni ya kijiji, na mpaka wake unafuata bikoni kumi na moja. Sahihi ya Gervas ilikuwa ya sita kwenye orodha ya waliokubali. Lakini ramani iliyoonyesha bikoni hizo ziko wapi ilikuwa imeliwa na mchwa kabatini, na bikoni zenyewe, zile nguzo fupi za zege, zilikuwa zimeng'olewa moja baada ya nyingine na mtu ambaye hakuna aliyekubali kwamba alimwona.

Raheli alizijua kwa sababu alikuwepo zikipimwa. Sasa alikuwa na miaka hamsini na saba. Wakati ule alikuwa karani wa mradi mdogo wa mipango ya ardhi, akautembea mpaka wote mara tatu pamoja na wapimaji, kisha akaingiza kila namba ya vipimo vyao kwenye kompyuta ya ofisi. Mradi ulipokufa na vifaa kugawanywa, wenzake walichagua meza na viti. Yeye alichukua kompyuta. Miaka kadhaa aliitumia kuchapa barua za kanisa, halafu ikakaa kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa.

Mchana ule ule, alipotoka mkutanoni, aliiwasha. Ilinguruma kama mashine ya kusaga, ikalalamika kwamba haijui leo ni tarehe ngapi, na mwishowe Windows 98 ikatokea kwenye kioo. Ramani ikafunguka. Bikoni zote kumi na moja zilikuwemo. Raheli alizinakili namba zake kwa kalamu, akazikagua mara mbili, akampelekea mwenyekiti wa kijiji, Mzee Chediel. Gervas alipoonyeshwa karatasi ile alisema hata yeye ana kalamu nyumbani.

Mwenyekiti akampigia simu afisa ardhi, kijana mmoja aitwaye Noel, kisha akampa Raheli aongee naye. Noel alimwamkia, akasikiliza hadi mwisho, akasema angefika Alhamisi na kipimo chake cha satelaiti.

"Ila karatasi siwezi kuisimamia, mama," alisema. "Gervas ataniuliza nani ameandika. Niletee faili lenyewe, na tarehe yake."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kompyuta ile haikujua intaneti. Sehemu yake ya disketi ilishakufa, na printa haikuwepo. Nyuma yake kulikuwa na matundu mawili ya USB, na Raheli hakukumbuka kama yaliwahi kutumika kwa kitu chochote zaidi ya kipanya. Alichomeka flashi ya binti yake Peniel. Kompyuta ikakaa kimya, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jumanne alfajiri aliliweka kasha la kompyuta ndani ya kiroba cha mbolea, akalifunga kanga juu yake, akapanda basi la Singida mjini. Nyuma ya soko kuna fundi anaitwa Frank, kijana mwenye watoto wawili na sifa ya kufufua laptop zilizomwagikiwa chai. Frank alisimama, akasema shikamoo, akaupokea mzigo. Alipofungua kiroba akatabasamu. Alisema kompyuta ya namna hiyo hajaigusa tangu akiwa chuoni, na hata chuoni ilikuwa ya kuonyeshwa tu. Kwa moyo mwema kabisa alimshauri atafute laptop iliyotumika.

Raheli alimwambia hakuja kutafuta laptop. Alikuja kutoa faili moja.

Frank akafikiria njia fupi: kuing'oa diski na kuiunganisha na mashine yake. Alipoitazama diski akatikisa kichwa. Ilikuwa ya waya ule mpana wa zamani, na kifaa cha Frank kinashika diski za kisasa tu. Cha kushika hii kingeagizwa Dar es Salaam, na kisingefika kabla ya Alhamisi. Basi wakaiunganisha na kioo kilichokuwa dukani na kurudi kwenye matundu ya USB. Frank alieleza kwamba Windows 98 haikuzaliwa ikiijua flashi, lazima ifundishwe. Alipata mtandaoni programu ya kuifundisha, akaiandika kwenye sidii. Trei ya sidii ilikataa kufunguka mpaka walipoichokoa kwa pini. Programu ikaingia, kompyuta ikazimwa na kuwashwa. Flashi haikuonekana.

Walijaribu tundu la pili, wakajaribu flashi nyingine. Kwenye orodha ya vifaa, jina la USB lilikuwa na alama ya njano ya mshangao. Saa sita ikapita. Frank alifuta mikono, akasema kwa upole kwamba matundu yale yamekufa, na kwamba asingependa kumpotezea mama siku nzima.

"Hayajafa," Raheli alisema. "Yanagombana na kitu. Nipe bisibisi."

Hakuwa amesomea ufundi. Lakini alikaa mbele ya mashine ile miaka minne, na alikumbuka siku ofisi ilipoongezewa kadi ya mtandao ili kompyuta zote zitumie printa moja. Kuanzia siku hiyo kipanya cha USB kiligoma, wakarudia cha zamani. Hakuna aliyejali wakati ule. Alimsimulia Frank, na Frank akafungua ukurasa wa ndani wa orodha ile. Kweli. Katika mashine za zamani kila kifaa hupewa namba ya kuitia, kama zamu ya kusema mkutanoni. Kadi ya mtandao na USB walikuwa wamepewa namba moja, kila mmoja akisema juu ya mwenzake, na hakuna aliyesikika.

Raheli mwenyewe alifungua skrubu na kuichomoa kadi. Wakawasha. Alama ya njano ilikuwa imeondoka, lakini na USB nayo ilikuwa imeondoka kwenye orodha.

Frank aliketi. Raheli hakuketi. Alisema kama mgomvi ametoka na mwingine bado hasemi, basi huenda sasa hapewi namba kabisa. Nani anagawa namba? Frank akamtazama, akaizima mashine, akaiwasha tena akibonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio ya mwanzo, ile inayotangulia Windows. Walisoma mstari kwa mstari, wote wawili wameinamia kioo. Karibu na mwisho waliuona: kuipa USB namba, imezimwa. Wakaiwasha. Frank akachomoa umeme ili airudishe skrubu, na waliporejea mstari ule ulikuwa umezimwa tena.

Ndipo Frank akacheka, kwa kuelewa. Betri ndogo inayotunza saa na mipangilio ilikuwa imekwisha miaka mingi, na kila umeme ukikatika mashine ilisahau yote na kurudi ilivyotoka kiwandani. Alikuwa na betri kama hiyo kwenye droo. Wakaibadilisha, wakaweka tarehe, wakauwasha ule mstari, wakasubiri. Safari hii kompyuta ilitangaza kwamba imeona kifaa kipya. Flashi ya Peniel ilikuwa kubwa mno, haikusomeka, lakini Frank alichakura mpaka akapata moja ya zamani ya giga moja, na hiyo ikafunguka bila neno. Faili likahama. Tarehe yake ilikuwa 12 Agosti 2004, kama Raheli alivyoiacha.

Frank alikataa kupokea chochote. Alisema siku ile yeye ndiye aliyesomeshwa.

Alhamisi watu walijaa ukingoni mwa mbuga. Noel alilipakia faili kwenye kipimo chake mbele ya halmashauri, akamwonyesha Gervas tarehe, akaanza kutembea. Bikoni namba nne ilimpeleka ndani ya alizeti, ambayo tayari ilikuwa inafika magotini. Gervas alisimama mbele yake na kusema hakuna atakayechimba juu ya mazao yake kwa ajili ya michoro ya kompyuta mbovu.

Raheli alipita pembeni yake na kuingia kwenye mistari ya alizeti, jembe mkononi.

"Mashina nitakayoyaharibu nitayahesabu," alimwambia. "Nikikosa kitu, nitakulipa moja moja. Sogea."

Gervas alimtazama mwenyekiti. Mzee Chediel alikuwa ameinamisha macho. Basi Gervas akasogea.

Walichimba wakipanua shimo kila upande, maana kipimo hakigusi nukta kamili. Kwenye kina cha mkono mzima udongo mweusi ulibadilika ukawa na mkaa, na chini ya mkaa kulikuwa na chupa, imesimamishwa kichwa chini. Raheli aliwaeleza vijana wasioelewa kwamba wapimaji waliweka chupa na mkaa chini ya kila bikoni, kwa kuwa mkaa hauozi, na anayeng'oa nguzo hachimbi kutafuta kilicho chini yake. Gervas alisema chupa hutupwa popote. Noel alitembea hadi namba tano, wakachimba, wakakuta mkaa na chupa. Walipoanza namba saba Gervas aliwasha pikipiki yake na kuondoka.

Jioni halmashauri ilikaa tena, na Mzee Chediel, ambaye hakupenda ugomvi, alipendekeza kwamba kwa ajili ya amani mbuga igawanywe katikati, nusu ya Gervas na nusu ya kijiji. Wajumbe kadhaa walianza kuitikia kwa vichwa. Raheli aliomba nafasi, akasimama.

"Mwenyekiti, kwa heshima yako," alisema. "Bikoni ni kumi na moja. Si tano na nusu."

Alibaki amesimama. Alisema kama halmashauri inataka kugawa, iitishe mkutano mkuu kama ule wa 2004, na yeye atakuja na muhtasari wenye sahihi ya Gervas, ile ya sita, ausome kwa sauti. Hakuna aliyetaka jambo hilo. Iliandikwa kwamba Gervas avune alizeti yake msimu huo mmoja, aondoke, na bikoni zisimikwe upya.

Mwezi Juni ng'ombe waliingia mbugani, wanne wa Raheli wakiwemo. Gervas hakumsamehe. Wakikutana siku ya mnada Ikungi, yeye hugeukia upande wa pili na kujifanya anachagua mbuzi. Raheli humwita kwa jina, humsalimia, humuuliza habari za nyumbani, na husubiri hapo hapo mpaka ajibiwe.