Koti la Arobaini na Moja

Kiwanda cha kufunga dawa hakijui sura ya mtu. Kofia inashuka hadi kwenye nyusi, barakoa inapanda hadi chini ya macho, na mgongoni mwa koti kuna namba. Msimamizi akipaza sauti, "Arobaini na moja, punguza domo!" basi Arobaini na Moja ananyamaza, hata awe nani humo ndani.

Ndiyo maana binti mwenye namba hiyo na shoga yake walibadilishana makoti miaka nenda miaka rudi bila mtu kushtuka. Yeye Msabato, Jumamosi hagusi kazi, hivyo shoga, ambaye Jumamosi hakuwa na zamu, alilivaa koti lake. Jumapili shoga akienda kanisani, yeye, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, alilivaa la shoga. Walijiona wajanja kweli, wakacheka mpaka mbavu ziwaume, na ruhusa hawakumwomba mtu. Kisha ikaletwa mashine ya alama za vidole. Shoga aliacha kwenda kanisani Jumapili, akabaki kazini. Yeye alikataa kufanya kazi Jumamosi, akafukuzwa, akaenda baraza la kazi kudai kazi yake na siku yake ya ibada.

Msimamizi aliapa, na masikini hakujua kwamba anapotosha. "Mheshimiwa, huyu nimemwona Jumamosi zote kwa macho yangu haya. Leo ndiyo dini imemkumbuka?"

"Mwongo huyo!" Mama wa binti akasimama kule nyuma. Kila Jumamosi yeye na bintiye walikaa benchi moja kanisani.

"Mama, kaa chini," karani akasema.

Mwamuzi akamgeukia binti kwa upole. "Dada, swali ni jepesi. Jumamosi hizo ulikuwa kazini, au hukuwa?"

Akikana, wangeuliza ni nani aliyevaa koti. Kuvaa namba ya mwenzako kiwandani ni udanganyifu, unatoka siku hiyo hiyo, na shoga ana watoto anaowalea peke yake. Alikuwa pale pale upande wa kiwanda, ameitwa ashuhudie, anaisokota leso. Hasira zilimpanda binti yule, kwa mashine, kwa msimamizi, kwa ujanja wao wenyewe, na hazikuwa na pa kwenda.

"Nilikuwepo," akasema.

"Zote?"

"Zote, mheshimiwa."

Mwamuzi akaandika. Shoga hakuinua uso.

Mama wa binti alikuwa bado amesimama. "Kwa hiyo mimi kanisani nilikuwa nakaa na nani, mwanangu?" akauliza, na safari hii karani hakumwambia akae.